Shujaa Hasemi Nyumbani

Pale Kalundu, mjini Kitui, hapakuwa na mtu aliyejua mikono ya watu kumzidi Mulei fundi cherehani. Angekuona tu ukipita sokoni, angejua shati lako linataka mkono wa urefu gani na kama bega lako moja limeshuka. Ndiyo maana hadi leo, akikumbuka yaliyompata mwaka ule wa tisini na nne, hujicheka mwenyewe kabla hajapata mwingine wa kumcheka. Binti yake alikaa zaidi ya wiki na jeraha mkononi, ndani ya nyumba yake, mezani pake, na yeye bingwa wa mikono aliona sweta tu.

Lilikuwa sweta la shule, la bluu, lenye mikono inayofika kwenye vidole. Mbinya, msichana wa darasa la nne, alilivaa Jumapili, akalivaa Jumatatu, akalala nalo. Ulikuwa mwezi wa tisa, jua la Kitui linawaka hadi mbuzi wanajipanga kwenye kivuli cha nguzo ya simu.

"Mbinya, toa hilo sweta. Utaiva," mama yake, Nthenya, alimwambia.

"Nasikia baridi, Mama."

"Baridi ya wapi? Mimi nikishika bati la jikoni naungua!"

Mulei alikuwa amekaa kwenye cherehani yake barazani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akasimamisha pedali. Jumapili hiyo hiyo alikuwa amesimama kanisani, yeye akiwa mmoja wa wazee wa kanisa, akawaonya akina mama kuhusu nguo zisizo na mikono. Alizungumza kwa kirefu mpaka watoto wachanga wakaanza kulia. Sasa aliona matunda.

"Mwache, Mama Mbinya," alisema. "Mtoto amesikia neno."

Nthenya alimtazama mumewe, kisha akamtazama binti yake, ambaye macho yake yalikuwa chini.

"Haya. Wewe endelea kuhubiri. Sweta likianza kunuka, atakayelifua ni mimi."

Mama mzazi wa Mulei, Kaluki, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango akichambua pojo. Bibi huyu aliongoza maombi ya akina mama kanisani, na mwanawe, pamoja na ndevu zake na cheo chake, alimwogopa vile vile kama alipokuwa mtoto wa kuchunga ndama. Kaluki alitupa kijiwe nje, akaendelea. Mulei akachukulia kwamba hata yeye amefurahi.

Siku ya Jumanne Mulei alitandika kitambaa cha majoho ya kwaya, cha zambarau, alichokinunua wiki iliyopita katika duka la Abubakar. Akapima. Akapima tena. Kilikuwa kimepungua karibu nusu yadi, na upande mmoja ukingo ulikuwa umekwenda mrama. Hakujiuliza mara mbili. Alikikunja kitambaa kwapani, akatoka mbio mpaka mjini.

Abubakar alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Babu yake alitoka pwani kuja kuuza nguo Kitui, na yeye mwenyewe alizungumza Kikamba vizuri kuliko watoto wa Mulei. Walikuwa wamefanya biashara miaka mingi. Lakini Mulei alikuwa na kinyongo kingine chini ya kile cha kitambaa. Abubakar alikuwa na televisheni, na mlingoti wa antena yake ulionekana kutoka sokoni. Mulei alikuwa ameipiga marufuku televisheni nyumbani kwake. Alisema mbele ya kanisa kwamba chombo hicho ni shimo lililochimbwa katikati ya sebule.

"Umenipunja," Mulei alisema, wateja wakisikia.

"Fundi, karibu kwanza."

"Sikaribii. Nusu yadi iko wapi?"

Abubakar akatoa fimbo yake ya kupimia, akaiweka juu ya meza taratibu. "Yadi ni hii, umeijua tangu ukiwa mwanafunzi wa cherehani. Nilikukatia ukiangalia."

"Unapima wateja, hupimi kitambaa!"

Mama mmoja aliyekuwa akichagua leso alicheka. Abubakar hakucheka. "Nenda ukapime tena nyumbani kwako, Mulei," alisema. Kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote, alimwita jina badala ya fundi.

Mulei alirudi nyumbani kifua mbele. Alijiona amesema ukweli mbele ya mkutano, na chakula cha jioni alikula sahani mbili.

Lililokuwa limetokea, ambalo Mulei alikuja kulijua baadaye kuliko watu wote, ni hili.

Kila Jumamosi mchana, Mulei akiwa ameinamia cherehani, Mbinya na mdogo wake Kisilu waliaga kwamba wanakwenda kucheza. Walivuka hadi mtaa wa akina Abubakar, wakavua viatu mlangoni, wakakaa kwenye mkeka pamoja na Esha, binti wa Abubakar, ambaye alikuwa darasa moja na Mbinya. Hapo walitazama katuni. Ilikuwa ya Kiingereza cha mbio sana, hawakushika hata nusu ya maneno, lakini maneno hayakuwa na haja. Kulikuwa na ndugu wawili, msichana na mvulana. Hatari ikitokea walijificha nyuma ya nyumba, wakavaa barakoa, wakapaa, wakawapiga waovu. Saa ya chakula walirudi mezani wamechana nywele. Mama yao akiuliza walikuwa wapi, walijibu walikuwa wakicheza. Esha aliwaita ndugu hao wa katuni Watoto wa Barakoa, na jina likashika.

Jumamosi ile, wakirudi kupitia nyuma ya machinjio, mbwa mmoja mwembamba alitokea kwenye vichaka, mate yakimdondoka. Hakubweka. Alikwenda moja kwa moja kwa Kisilu, aliyekuwa mdogo na aliyekuwa nyuma. Mbinya aliruka katikati, mikono ameitanua kama yule msichana wa katuni. Hata hivyo kupaa hakuweza, na mbwa akamdaka mkono chini ya kiwiko. Alimpiga teke, akampiga jiwe, mpaka mbwa akamwachia akaenda zake akiyumba, kana kwamba amesahau alikuwa akifanya nini.

Kisilu alilia. Mbinya hakulia. Alimshika ndugu yake mabega.

"Tukisema tumeumwa, tutaulizwa tulikuwa wapi. Umesikia?"

"Damu inatoka."

"Hata wale hutoka damu. Shujaa hasemi nyumbani. Apa."

Kisilu akaapa, kamasi zikimtiririka. Walipofika, baba yao alikuwa amekwenda kumpima mteja, na makasi yalikuwa mezani karibu na kitambaa cha zambarau. Mbinya akakata kipande kirefu, akajifunga, akaenda kutafuta sweta.

Jumapili iliyofuata Mulei alikuwa na zamu ya kusoma matangazo. Aliipenda sana zamu hiyo. Alisoma harusi, alisoma mchango wa mabati, kisha akafika kwenye tangazo kutoka ofisi ya mifugo. Mbwa mmoja ameuawa karibu na machinjio baada ya kuuma mbuzi na ng'ombe. Kichwa chake kilipimwa na mbwa alikuwa na kichaa. Yeyote aliyeumwa au kukwaruzwa aende hospitali mara moja, asingoje kuumwa na kichwa, kwa sababu ugonjwa huu ukishaanza hauna dawa.

Hapo mtu mwingine angekunja karatasi. Mulei akavua miwani.

"Ndugu zangu," alisema, "mnajua mtu mwenye ugonjwa huu huwaje? Huogopa maji! Mpe kikombe, atakikimbia kama nyoka. Akishakataa maji, mpigieni seremala simu." Watu wakaguna kwa hofu, naye akapata moto zaidi. "Na sasa nauliza wazazi. Mtoto wako anatembea wapi? Unajua? Kuna wazazi hapa, mtoto anaweza kuumwa na simba wasijue!"

Kisha, kwa kuwa hakujua kunyamaza ni lini, akaongeza mfano. "Mtazameni binti yangu Mbinya. Simama, Mbinya. Wiki nzima, kwa jua hili, amejifunika mikono. Nani alimlazimisha? Hakuna. Ni malezi."

Mbinya alisimama katikati ya kanisa ndani ya sweta lake, jasho likimtoka kwenye nywele. Watu wakapiga makofi. Kisilu, aliyekuwa amekaa pembeni yake, hakupiga makofi. Alikuwa akimtazama dada yake kinywani.

Baada ya chakula cha mchana Mulei alivaa koti. Kila Jumapili alasiri alikwenda kuwatembelea wagonjwa, na mama yake alikuwa akimsifu kwa hilo mbele ya majirani. Akiwa mlangoni alimwona Kisilu akipita na kikombe cha maji, ameshika kwa mikono miwili, akielekea chumba cha watoto. Baada ya muda akapita tena. Akarudi mtungini akachota kingine.

"Kisilu! Hayo maji unapeleka wapi?"

"Kwa Mbinya."

"Amekutuma?"

"Hapana."

"Basi rudisha. Maji ya kuletwa na punda haya, ya kununua. Dada yako si mti wa mchungwa."

Mtoto hakurudisha. Alikikumbatia kikombe kifuani, maji yakamwagikia miguu yake.

"Lazima anywe," alisema.

"Lazima ya nani?"

"Amekunywa vitatu. Hiki cha nne amesema ameshiba." Sauti ya Kisilu ikapasuka. "Akikataa maji ni kwamba anakufa! Si wewe ndiye ulisema kanisani? Ulisema tumpigie seremala!"

Nthenya ndiye aliyeelewa kwanza. Aliacha sufuria kwenye karai ikiwa na povu, akaingia chumbani, na wote wakamfuata. Mbinya alikuwa amekaa kitandani. Hakubisha. Alinyoosha mkono mwenyewe kama mtu anayekabidhi kitu kizito, na mama yake akakunja mkono wa sweta polepole mpaka kitambaa cha zambarau kikatokea. Kilikuwa kimeshikamana na ngozi. Kilikuwa kimefungwa vizuri, kwa fundo ambalo Mulei mwenyewe alimfundisha.

Katika maisha yake Mulei amesema maneno mengi ambayo angetamani kuyarudisha, lakini yaliyomtoka wakati ule ndiyo yanayomfanya hadi leo ajifunike uso kwa shati. Akiwa amesimama pale, mtoto wake ana alama za meno ya mbwa wa kichaa mkononi, alisema:

"Kumbe hicho ni kitambaa cha kwaya."

Nthenya alimsukuma kando kwa kiwiko.

"Ondoka njiani, Mulei," Kaluki alisema. "Leteni sabuni. Leteni maji, yote."

Bibi akamketisha mjukuu wake juu ya stuli uani, akamwosha jeraha kwa sabuni ya kipande, akimwagia maji bila kuhesabu jagi. Mbinya aliuma meno. Maji ya kununua yakatiririka hadi kwa jirani, na Kisilu akasimama pale akiyaangalia yakienda, akiwa bado ameshika kikombe chake.

Daktari wa dispensari iliyokuwa karibu walimkuta nyumbani kwake, miguu iko kwenye beseni. Alipotazama jeraha alikausha miguu haraka.

"Limetokea lini?"

"Jumamosi iliyopita," Mbinya alisema, "nyuma ya machinjio, tukitoka kwa akina Esha kutazama katuni."

"Si jana? Ile nyingine?" Akamgeukia Mulei. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Mulei akainama, akaliondoa beseni njiani.

Sindano ya kichaa cha mbwa dispensari haikuwa nayo. Daktari alifungua ofisi, akapiga simu hapa na pale, mpaka akaipata katika kituo kimoja cha watawa upande wa Makueni, karibu na Salama. "Mkono uko mbali na kichwa, na mtoto bado hana dalili," alisema. "Kwa hivyo bado tuna nafasi. Lakini msilale hapa. Nendeni leo hii."

Jumapili alasiri mabasi ya Machakos, njia ya kwenda huko, yalikuwa yamekwisha kuondoka. Gari la karibu lililojulikana kuwa na breki lilikuwa moja tu, pikapu ya Abubakar.

Njiani Mulei alijaribu kupanga maneno ya kuomba radhi. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomtoa jasho zaidi, na kila hatua lilimkaribia. Nyuma ya duka la Abubakar, palipokuwa na nyumba yake, kulikuwa na chumba kikubwa, na kelele za wanaume zilikuwa zikitoka humo.

"Mwaitu," alimwambia mama yake, "ngojeni hapa nje na watoto. Niingie mimi peke yangu."

"Ningoje nini? Nataka nimwombe mwenyewe kwa mdomo wangu."

"Ndani kuna moshi wa sigara."

"Nimepika kwa kuni maisha yangu yote," Kaluki alisema, akausukuma mlango.

Televisheni ilikuwa juu ya rafu, na ndani yake majitu mawili yenye chupi zinazong'aa yalikuwa yakikabana shingo. Wanaume kama ishirini walikuwa wamebanana kwenye mabenchi. Mmoja akageuka, akamwona Mulei nyuma ya mama yake, akainua mikono kwa furaha.

"Refa! Refa amefika! Umechelewa leo, kiti chako tumekishikilia!"

"Refa, njoo uone huyu anavyocheza rafu!"

Walikuwa wamempa jina hilo kwa sababu hakuna aliyepiga kelele kuliko yeye. Kaluki aliwatazama mmoja mmoja. Katika benchi la nyuma mweka hazina wa kanisa alishusha kofia mpaka ikagusa pua. Bibi akamtazama hata huyo, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mulei," alisema, "hawa ndio wagonjwa?"

Mulei ana umri wa kuwa na mvi, lakini anaapa kwamba wakati huo alisikia matako yakimwasha kama ya mtoto.

Abubakar alikuwa amesimama. Alimwona Nthenya analia, akazima televisheni mwenyewe, na hakuna aliyelalamika.

"Abubakar," Mulei alianza, "ile nusu yadi…"

"Imepatikana?"

"Imepatikana." Akainua mkono wa Mbinya. Nthenya alikuwa ameufunga kwa shuka safi, lakini kipande cha zambarau Mulei alikuwa amekishika mkononi bila kujua kwa nini amekileta. "Alijifunga nayo. Ni yule mbwa wa machinjio. Mtoto alikuwa anatoka hapa kwako, kutazama katuni, mimi sikujua. Nilikutukana bure mbele ya watu. Sasa nakuja kukuomba gari mbele ya watu."

Abubakar alikuwa amekwisha chukua ufunguo. "Mimi nilidhani umewaruhusu," alisema akitembea. "Nilijiambia, baba anakuja kila Jumapili, watoto wanakuja Jumamosi, basi nyumba hiyo inapenda televisheni."

"Kila Jumapili," Kaluki akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi asiouamini.

Esha alitoka mbio na mto wa kochi, akauweka nyuma ya pikapu ili rafiki yake aukalie. Kisha akamshika Mbinya kidole.

Kaluki na Nthenya walibanana mbele na Abubakar. Nyuma, juu ya magunia, alikaa Mulei na watoto. Kisilu alikataa kabisa kubaki, na alibeba chupa ya maji.

Walipita vilima vya kuelekea Machakos. Mulei alimtazama binti yake kila alipomeza mate. Mwishowe alishindwa kujizuia.

"Mbona hukuniambia?"

"Wale hawasemi," Mbinya alijibu.

"Wale nani?"

Basi akamweleza habari za Watoto wa Barakoa, jinsi wanavyojificha nyuma ya nyumba, jinsi mama yao anavyouliza na wanavyomjibu. Alieleza vizuri, hata akasahau mkono kidogo. Mulei akasikia hasira ikimpanda, na aliifurahia, maana ilikuwa hasira juu ya mtu mwingine. Kumbe kosa lilikuwa la katuni. Jumapili ijayo angesimama kanisani na kuwaambia.

"Unaona?" alisema. "Unaona kile chombo kinafundisha nini? Kinafundisha watoto kuwaficha wazazi!"

Mbinya alifikiri. "Lakini wale wanaficha kwa sababu nyingine," alisema.

"Sababu gani?"

"Adui akijua wao ni nani, atakwenda kuwaumiza wazazi wao. Sasa wanaficha ili baba yao na mama yao wasiumizwe."

"Na wewe?"

Pikapu iliruka kwenye shimo, Kisilu akakumbatia chupa.

"Mimi niliogopa mkanda," Mbinya alisema.

Mulei hakusimama kanisani Jumapili iliyofuata kusema habari za katuni. Hakuwa na mahali pa kuziweka tena. Alikaa kwenye gunia, upepo ukimpiga machoni, akashukuru kwamba upepo upo, maana alikuwa na kitu cha kusingizia.

Jua lilikuwa likizama walipofika. Mtawa mmoja mfupi aliliosha jeraha upya na kumchoma Mbinya sindano begani. Kisilu aliuliza kama haichomwi tumboni, maana kila mtu Kalundu alisema ni tumboni. Mtawa akamwambia hapana, akampa peremende. Sindano zilizobaki zikawekwa kwenye chupa yenye barafu, zipelekwe kwa daktari wa Kitui amalizie.

Nje kulikuwa na benchi. Mulei alikaa karibu na mama yake, akingoja.

"Hiyo mieleka," Kaluki alisema baada ya muda, "ni nani hushinda?"

"Huwa… wanapokezana, Mwaitu."

"Wanaumia kweli?"

"Wengine wanasema wanaigiza."

Bibi aliguna. "Mbona hukuniambia unaipenda?"

"Ungesema."

"Ndiyo, ningesema," Kaluki alikubali. "Ningesema sana. Halafu ningechoka, ningenyamaza. Wewe ulifikiri nitafanya nini?"

Mulei alijaribu kukumbuka alifikiri mama yake atamfanya nini, mtu mzima mwenye cherehani mbili, na hakuweza kukumbuka.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Mbinya aliendelea na sindano zake, na baba yake aliendelea kumwangalia akinywa chai kama mtu anayetazama mzunguko wa mwisho wa pambano. Akiacha tone kikombeni, Mulei hakulala. Alimrudishia Abubakar heshima yake palepale dukani, siku ya soko, kwa sauti ile ile aliyomtukania. Yule mama wa leso hakuwepo, kwa hivyo akarudia wiki nyingine mpaka akamkuta. Abubakar alimwambia inatosha sasa, wateja wameanza kudhani ni tangazo la biashara.

Wazee wa kanisa walimwita. Kikao kiliamua apumzike kusoma matangazo mpaka atakapoarifiwa. Aliyependekeza hivyo, kwa huzuni kubwa na maandiko mawili, alikuwa mweka hazina. Mulei aliitazama kofia yake pale mezani, akafungua mdomo. Kisha akamkumbuka mke wa mweka hazina, ambaye bado hakujua mumewe hushinda wapi Jumapili, akaufunga. Aliitikia amina na wengine.

Siku ya sindano ya mwisho alikwenda na Mbinya wawili tu, kwa miguu. Daktari alimpiga Mbinya kofi dogo la begani, akasema kazi imekwisha, aende akasome. Jeraha lilikuwa limeacha vidoti vinne vyeusi. Alikuwa amevaa gauni la mikono mifupi, ambalo baba yake alimshonea na ambalo, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze ufundi, alilipima mara tatu.

Walirudi wakipita njia ya mtoni. Mbinya alikuwa akiburuta kijiti mchangani.

"Baba."

"Naam."

"Kuna kitu kingine."

Mulei alisimama. "Mbwa?"

"Si mbwa. Ile redio ya Susu. Haikuharibiwa na panya."

Aliikumbuka redio hiyo ya mama yake. Aliipeleka kwa fundi mara mbili, akatega panya mwezi mzima, akawalaumu panya kwa majina. Maneno makali yalimjaa mdomoni yakiwa tayari, yamejipanga kama kwaya. Aliyameza. Yalishuka vibaya, lakini yalishuka.

"Nashukuru kwa kuniambia," alisema. Sauti yake ilitoka ngumu kama anayesoma tangazo la mabati, na Mbinya akamtazama kwa mashaka kuona kama ni mzima.

Wakatembea kidogo.

"Viko vingine?" Mulei aliuliza, akitazama mbele.

"Viko."

"Vingi?"

"Vingine ni vya Kisilu."

"Anza na vyako."

Mbinya alitupa kijiti, akavuta pumzi, akaanza. Walipomaliza kuvuka mchanga wa mto Kalundu alikuwa bado yuko kwenye vya darasa la pili.